Washa ya Bomba na Upande wa Mwanga

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa spana, kitambaa na kopo la mafuta. Kamera sikuigusa. Mratibu wa Vielelezo, mkuu wangu wa kwanza pale Bariadi, alinikalisha barazani mwa ofisi akaniambia, "Ndugu Minza, sugua hiyo mpaka uone meno yako humo." Nikasugua mpaka jua likapanda. Alipoiweka spana juu ya meza yenye kitambaa cheusi, akasogea nyuma, akatabasamu. "Chombo ni kama bwana harusi. Kikae katikati, king'ae, na jua liwe mgongoni kwako wewe mpiga picha."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari. Miaka miwili niliyafuata kama sala.

Enzi hizo mkoa huu wa Simiyu ulikuwa bado haujazaliwa. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vimejaa madarasa ya kisomo cha watu wazima, na kitengo chetu kidogo kilitengeneza karatasi za picha za kubandika kwenye kuta za madarasa hayo: plau ya kukokotwa na ng'ombe, nira, mizani ya pamba, bomba la kunyunyizia dawa. Wengi walikuwa ndio kwanza wanajifunza herufi, kwa hiyo picha ndiyo iliyosema. Filamu tulipimiwa kama sukari. Tukishapiga, tuliisafisha kwa dawa ndani ya chumba cha giza, ambacho kilikuwa stoo iliyozibwa madirisha kwa magunia, tukachapa picha chache jenereta ilipowashwa. Tukiridhika, filamu ilipelekwa Mwanza kwa lori, ikachapwe kwa wingi.

Mwaka wangu wa pili nilipewa kazi ya bomba. Ni lile tangi la kubeba mgongoni, mkono mmoja unapampu na mwingine unashika mrija. Chini ya mfuniko wake kuna washa, yaani pete ya mpira inayozuia dawa isivuje. Washa ya aina ile ilikuwa na mfereji upande mmoja na tuta upande wa pili, na mfereji ndio uliotakiwa kukaa juu ya ukingo wa tangi. Nililisafisha bomba, nikalipaka mafuta, nikaulaza mfuniko chali ili washa ionekane, jua likiwa mgongoni kwangu. Mratibu aliiangalia picha akasema, "Hii ndiyo."

Msimu wa kunyunyizia ulipofika, Bwana Shamba aliingia ofisini bila hodi. Huyu alikuwa mtaalamu wa kilimo, mzaliwa wa huku huku, mtu wa utani mwingi. Siku hiyo hakutania. "Kuna mkulima kule Lalago amebabuka mgongo. Dawa imemvujia shamba zima bila yeye kujua, akadhani ni jasho. Bomba amelifunga kwa kufuata karatasi yenu."

Mratibu akasema labda hakuangalia vizuri. Mimi nikaomba ruhusa ya kwenda.

Tulimkuta Ngusa, ndilo jina la mkulima yule, amelala kifudifudi juu ya ngozi ya ng'ombe. Mkewe, Holo, alikuwa akimpepea kwa ungo. Ngozi ya mgongo ilikuwa imetoka vipande vipande, kuanzia begani hadi kiunoni.

"Mwangaluka, baba," nikamsalimu.

"Mwangaluka, mayu. Mniwie radhi, siwezi kukaa," akanijibu, akiniita mama kwa Kisukuma. Kisha akauliza, "Picha ile aliipiga nani?"

Bwana Shamba akaanza kusema habari za ofisi na utaratibu. Nikamkatiza. "Ni mimi, baba."

Ngusa alinigeuzia uso. "Basi ilete hapa uniambie unaona nini."

Holo akaenda kuitoa kwenye ukuta wa darasa. Nikasema naona mfuniko, na ndani yake washa yenye mfereji. "Wewe unaona mfereji kwa sababu ulishaushika," alisema Ngusa. "Mimi nimelima matuta toka utotoni. Hilo ni tuta. Nikageuza washa mpaka tuta likaonekana kama ulivyonionyesha."

Nikaitazama tena, safari hii kama mtu asiyelijua bomba. Alikuwa na haki. Niliigeuza karatasi juu chini, na palepale mbele ya macho yangu tuta likazama, likawa mfereji. Nilielewa kosa langu liko wapi. Jua likiwa mgongoni kwa mpiga picha, na kitu kimelala chini, mwanga huingia kwenye picha kutokea chini. Jicho la binadamu limezoea mwanga unaotoka juu. Ukiligeuzia mwanga, nalo litakugeuzia shimo kuwa mwinuko.

Nilirudi ofisini nikamwambia Mratibu picha lazima irudiwe. Filamu ya kuchapia nakala nyingine za karatasi ile ilikuwa iondoke kwenda Mwanza na lori la Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Filamu haioti kama pamba, Ndugu Minza," alinijibu. "Na picha ile ni safi. Mtu mmoja akikosea, turudie kazi ya wilaya nzima?"

"Huyo mmoja ndiye aliyeifuata picha barabara, Mzee. Wasioifuata ndio waliopona."

Alinitazama kama hanijui. Sikuwahi kumjibu namna hiyo. Nikaweka karatasi mezani kwake, nikaigeuza juu chini, nikairudisha, nikaigeuza tena. Aliifuata kwa macho. Baada ya muda akafungua droo, akatoa kamera. "Zimebaki nafasi nne za filamu. Ukizimaliza, usije kuniomba ya tano."

Kwa nafasi nne huwezi kubahatisha. Siku nzima ya Jumanne sikubonyeza kitufe hata mara moja. Niliweka mfuniko kwenye meza karibu na dirisha, dirisha likiwa upande wa juu wa picha. Mwanga ulikuwa mkali, vivuli vyeusi kama lami. Nikatundika shuka jeupe dirishani, vivuli vikalainika. Upande wa chini bado ulikuwa na giza, nikasimamisha mfuko mweupe wa unga, nao ukarudisha mwanga kidogo kwenye giza lile. Kisha nikagundua kuwa ule mng'ao niliofundishwa kuusugulia ndio adui mwingine: bati lilimeta mpaka ukingo wa tangi ukapotea. Nikafuta mafuta yote, nikapaka vumbi la chaki kwa kidole. Chombo kikapoteza uzuri wa bwana harusi, lakini kila kona yake ikaonekana.

Jumatano nilirudi Lalago na bomba lenyewe, nikampangia Ngusa vipande vile nilivyokusudia kuvipiga, mfuniko katikati. Aliinua kichwa akacheka kwa mara ya kwanza. "Mayu, nani analiona bomba hivyo? Umesimama upande wa bomba. Simama upande wa mtu. Na weka mkono. Mkono ndio utaniambia kitu kinaelekea wapi."

Nikahamia upande wa mtu. Nikavipanga vipande kwa kufuatana jinsi mikono inavyovichukua, kushoto kwenda kulia: tangi, washa, mfuniko. Nikamwomba Holo anishikie washa kwa vidole viwili, mfereji ukitazama ukingo wa tangi. Tulitundika shuka mlangoni. Nikapiga zote nne, kila moja nikiwa nimebana pumzi.

Alhamisi asubuhi nilichapa. Mchana Mratibu mwenyewe akapanda gari la kilimo pamoja nami. Alisema anataka kuona kwa macho yake. Nilimpa Holo picha na bomba lililofumuliwa. Hakuwahi kulifunga, hiyo ilihesabiwa kazi ya wanaume. Nilijaza maji matupu, na nikajizuia kusema chochote. Hilo lilikuwa gumu kuliko kupiga picha. Aliichukua washa, akaigeuza, akaitazama picha, akaigeuza tena. Akaibonyeza mahali pake, akafunga mfuniko, akalibeba tangi, akazunguka boma mara tatu huku akipampu. Ngusa, aliyekuwa ameanza kukaa, hakuondoa macho kwake.

Alipolitua, alivua khanga ya begani akaikunjua mbele yetu. Ilikuwa kavu.

Mratibu aliishika ile khanga muda mrefu. Kisha akamwinamia Ngusa, akamwambia, "Tumekukosea, ndugu yangu. Nilimfundisha vibaya huyu." Tulipokaribia Bariadi akaniambia, "Kesho lori litachukua hii. Ile ya kwanza nitaichoma mwenyewe."

Baada ya hapo nilihamishiwa Maswa, kisha Mwanza, kisha nikarudi huku kufundisha vijana kitengoni. Nilifanya kazi chini ya wakuu watano, wapole na wakali. Kila mmoja nilimwambia sharti langu: picha ya kifaa haitoki ofisini kabla mtu asiyekijua kifaa hicho hajaifanyia kazi mbele yangu. Mmoja aliniita mkaidi kwenye barua ya siri. Barua nilikuja kuiona, sikukanusha.

Miezi michache kabla ya kustaafu nilipita Kimali kwa shughuli za kifamilia. Kwenye ghala la kijiji palikuwa na karatasi yangu ya nira, imepauka, pembe zimeliwa na mchwa. Nilisimama kuitazama. Mama mmoja aliyekuwa akianika mtama akadhani nimeshindwa kuisoma; tulipomaliza salamu tu, akaja.

"Hii ni rahisi, mayu," akaniambia, akiweka kidole pale mwanga ulipoangukia kigingi. "Anza hapa juu, panapong'aa kidogo. Shuka na kivuli. Hapo ndipo kamba inapopita."

Alinieleza yote, taratibu, bila kuruka hatua. Nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia wabeja, yaani asante, nikaendelea na safari yangu.