Mama Kijani na Brauni Zilizopoteza Rangi

Saa mbili asubuhi Mama Kijani amepiga magoti mbele ya oveni, anachungulia ndani kama mtu aliyeangusha pete chini ya kitanda. Mna trei mbili. Mayai ni yale yale, siagi ile ile, chokoleti nyeupe ile ile. Tofauti ni unga wa chai ya kijani tu. Wa trei ya kushoto umetoka kwenye chupa ya kioo iliyo dirishani, wa kulia kwenye pakiti iliyofunguliwa leo.

“Zikitoka mbaya zote mbili, nimekwisha,” anasema bila kugeuka.

Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya brauni anazooka nyumbani, zile keki nzito zisizoumuka, za kukatwa vipande vya mraba. Za wenzake ni za kahawia. Zake ni za kijani, na zina uchungu kidogo unaofuata nyuma ya utamu. Alijifunza katika nyumba ya watu alikokuwa akifanya kazi za ndani. Tajiri wake alipohama, alimwachia kopo la unga huo. Miaka saba ya kufua na kupiga deki, kiinua mgongo ni kopo la chai! Lakini ndilo lililomfungulia kazi.

Alifika mahali pa kuuza trei kumi kwa wiki, nane kati ya hizo kwa mwenye mgahawa ulio mkabala na kituo cha mafuta. Mwezi uliopita zilishuka mpaka mbili. Brauni zilianza kutoka na rangi ya matope.

“Mwenye mgahawa akanipigia. ‘Dada, unachanganya na nini siku hizi? Wateja wananiuliza kama hii ni keki au tofali.’ Nikamwapia. Lakini nani anaamini kiapo cha muuza keki?”

Leo ndiyo nafasi ya mwisho aliyompa. Trei ya kijani isipofika kabla ya saa sita mchana, oda inakwenda kwa mwingine.

Amehangaika. Alibadili mayai, akabadili mtungi wa gesi, akagombana na muuza chai mpaka wakanuniana. Mwisho akaenda kupima macho. “Daktari akasema macho mazima. Nikarudi nimechanganyikiwa zaidi. Kama macho ni mazima, basi kichwa.” Kilichobaki ni kuupima unga wa dirishani na mpya.

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, yuko mezani na kikombe chake. “Zilizokataliwa zote nimekula mimi,” anasema. “Nimenenepa kwa hasara.”

“Si ungeacha?”

“Niache, nani akusaidie kuzika?”

Wanacheka wote wawili. Watu wawili wanaocheka jikoni asubuhi hawajui walichonacho.

Kuhusu ile chupa, habari yenyewe ni hii. Miezi miwili iliyopita bwana afya alipita nyumbani hapo, akaamuru vyakula vyote vitolewe kwenye pakiti na makopo, viwekwe kwenye chupa za kioo, penye mwanga. Mkaguzi akiingia, aone vyote bila kufungua kitu. Akirudi akakuta pakiti, jiko analifunga. Ndivyo walivyo wakubwa. Wanajipunguzia kazi ya kufungua kifuniko, mzigo anaubeba anayepika.

Iweje mwenyewe asione unga ukififia? Ni kama mgonjwa wa nyumbani. Unayeshinda naye huoni anavyopungua, anayekuja kumjulia hali ndiye anayeshtuka.

Anachoma kijiti katikati ya kila trei. Kinatoka na chembe laini zilizoshikana, ndivyo inavyotakiwa. Anazitoa, anaziweka mezani.

Ya kushoto ni kama gunia kuukuu. Ya kulia ni kijani cha ganda la ndizi mbichi.

Mama Kijani anaziangalia, anamwangalia mumewe, anaziangalia tena. “Lakini chai ilipoingia kwenye chupa ilikuwa ya kijani hivi hivi! Nani kaitoa rangi?”

“Jua.”

“Jua linatafuta nini kwenye chai yangu?”

“Limenifubazia shati la kazi, sembuse majani.”

“Shati linafubaa kwa unavyolifua wewe. Usinichanganye, baba.”

Mume anaifunga trei ya kijani nyuma ya baiskeli, anaipeleka mgahawani. Kabla hajarudi, simu inalia. Ni mwenye mgahawa. “Hii ndiyo ninayoijua, dada. Kuanzia wiki ijayo niletee nane kama zamani.”

Furaha yenyewe ni fupi, maana bwana afya anarudi Alhamisi. Mwandishi wa habari hii alipokwenda ofisini kwa mabwana afya kuuliza, wa kwanza alisema chupa za kioo ni sheria. Wa pili akasema ni ushauri tu. Wa tatu akamuuliza ametumwa na nani.

“Sasa mimi nifuate lipi?” anauliza Mama Kijani. “Nikitii, sina mteja. Nisipotii, sina jiko.”

Mumewe, aliyekwisha kurudi, anamshauri aiache chupa dirishani kama pambo la mkaguzi, chai ya kuokea aifiche kabatini.

“Sitaki. Kila mlango ukigongwa moyo utaniruka.”

Atakwenda mwenyewe ofisini, amwombe bwana afya amruhusu kuweka chai gizani. Akikubaliwa, anataka kununua oveni ya pili na kumwita mdogo wake waoke pamoja. Anakata vipande viwili, kimoja cha matope, kimoja cha kijani, anavipanga kwenye kibakuli chenye mfuniko. Anajifunga kitambaa kichwani. Anafika mlangoni, anasimama.

“Akisema hiki cha kijani nimetia rangi, je?”

Fundi anafikiri. “Usianze na maneno. Mpe kwanza atafune. Mdomo ukiwa umejaa, hatakuwa na wa kukukatazia.”

“Nimpe kipi?”

“Cha kijani, mama. Cha matope niachie mimi.”