Pedi za Breki za Viateur na Samli ya Mama Yake

Pale Nyamitaba kila mtu alijua kwamba Viateur akiaga anakwenda kununua kitu, asingojewe kwa chakula. Shati tu lilimchukua asubuhi nzima. Sasa fikiria siku alipokwenda kuchagua pedi za breki za mashindano.

Mashindano yenyewe yalizaliwa na vita. Barabara ya Pinga ilikuwa imefungwa tena, petroli imeadimika, na vijana wa pikipiki walishinda wamekaa wakitazamana. Siku zote walikuwa na mazoea ya kuteremka milima injini ikiwa imezimwa, ili kubana mafuta. Ndipo mzee Kanyamibwa, mtengeneza jibini waliyekuwa wakimbebea maziwa, akasema washindane hivyo hivyo: injini kimya, bidoni ya maziwa nyuma, kutoka malishoni juu hadi chini darajani. Kabla ya daraja ungelazwa mgomba. Mshindi angekuwa wa kwanza kusimamisha gurudumu la mbele kwenye mgomba huo, na maziwa yake yasiwe yamemwagika. Zawadi ilikuwa mtamba mwekundu.

Huyo mtamba ndiye aliyemkosesha Viateur usingizi. Wenye bunduki walipopita, mama yake, Daphrose, alibakiwa na ng'ombe mmoja, Gaju, mwekundu vilevile. Viateur akambadilisha na pikipiki. Alikuwa na hoja zake, na hazikuwa mbaya: ng'ombe huibwa, lakini pikipiki unakimbia nayo. Mama alikubali kwa mdomo, moyo ukakataa. Tangu hapo hakuipanda hata mara moja. Alikwenda sokoni kwa miguu, mwanawe akimfuata polepole na kumbembeleza, naye akitazama milima kana kwamba hakuzaa. Na kilichomuuma Viateur zaidi kilikuwa samli. Katika boma lao kila kitu kipya hupakwa samli kwa kidole na kuombewa: mtoto, bibi harusi, kibuyu, hata jembe. Pikipiki ilikuwa haijapakwa kitu. Alitaka kumrudishia mama ng'ombe mwekundu, ili amsamehe.

Duka la vipuri lilikuwa la Mama Kanyere, mfanyabiashara wa Butembo ambaye milio ya risasi ilimtoa Pinga na kumleta Nyamitaba na masanduku yake. Alipomwona Viateur mlangoni alivuta kiti akakaa, maana alimjua.

Viateur alizinusa pedi. Alizikwaruza kwa ukucha, akaziinua kwenye mwanga, kisha akaziweka sikioni. Alitarajia zimwambie nini, yeye mwenyewe ndiye ajuaye.

"Hii plakete ya chuma inashikaka nguvu, hata ku mvua," Mama Kanyere akamwambia, akinyanyua pedi moja. "Ile nyeusi iko laini. Inashikaka polepole, lakini ikipata moto mingi, inachoka."

"Ya chuma itanitupa mbele na bidoni yangu."

"Basi twaa ya laini."

"Na ikichoka?"

"Basi twaa ya chuma."

"Ngoja kwanza, Mama."

Mama Kanyere akabandika maharage, yakaiva, akamkaribisha. Viateur akala, akashukuru, akarudi kunusa. Wateja wengine walikuja na kuondoka.

"Kaka, siku utachagua bibi, sisi wote tutakuwa tumeshakufa," Mama Kanyere akasema.

Mwishowe alichukua zile laini, kwa sababu maziwa hayapendi kushtuliwa.

"Uzifunge leo, uteremuke nazo mara kidogo zizoee," Mama Kanyere akamwagiza. "Plakete mupya haijuake kazi."

Viateur akaitikia bila nia yoyote ya kutii. Pedi zilizochaguliwa kwa taabu ile, kuzichosha kwa safari za kawaida aliona ni ufujaji. Akazifunga kwenye kitambaa safi na kuziweka juu ya rafu ya vibuyu vya maziwa, mahali penye heshima kuliko pote nyumbani mwao. Asubuhi ya mashindano ndipo alipozifunga kwenye gurudumu la mbele la pikipiki. Alisikia harufu ya samli vidoleni, lakini vidole vyake vilinuka samli tangu azaliwe, hakujali. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Uende muzuri," akasema.

Mama hakuwahi kuiaga pikipiki ile. Viateur alifurahi hata nusura aisahau bidoni.

Washindani wakaachiliwa kutoka malishoni juu. Kwenye kona ya kwanza Viateur alibana breki ya mbele kwa ulaini, ili maziwa yasishtuke. Pikipiki haikusikia. Akabana tena, kwa nguvu zote, na kutoka kwenye gurudumu la mbele ikapanda harufu kana kwamba mtu anakaanga ndizi huko chini. Akakanyaga breki ya nyuma, ikalia peke yake, maskini, na mlima ndio huo. Akampita Ladislas, mwenzake mwenye tahadhari. Akawapita wote. Watu kando ya njia walishangilia ushujaa wake, naye alikuwa akiwataja watakatifu mmoja mmoja. Aliuruka mgomba, bidoni ikang'oka, akavuka daraja, akapanda mwinuko wa ng'ambo, na kasi ilipomwisha akaanguka taratibu katikati ya shamba la maharage.

Nyuma yake Ladislas alifika bila papara, gurudumu likaugusa mgomba, likatulia. Mtamba akawa wake.

"Kijana, weye njo wa kwanza," mzee Kanyamibwa akamfariji Viateur, "lakini ku mashindano ingine."

Viateur alizifungua pedi palepale. Zilikuwa zimekunywa samli hadi ndani. Akaelewa, na hasira ikampanda. Njia nzima alisukuma pikipiki akipanga maneno atakayomwambia mama.

Alipofika, Daphrose hakumpa nafasi. Alimkagua mikono, mbavu na magoti, kama anavyokaguliwa ng'ombe aliyerudi malishoni.

"Wameniambia ulivuka daraja sawa risasi," akasema. "Na hauna hata kidonda."

"Ndiyo, Mama."

"Ni mimi. Niliona umeweka ile plakete ku fasi ya vibuyu, nikajua unaniomba mubaraka bila kusema. Nikapaka samuli. Pande zote mbili. Ile pikipiki nimeikataa tangu Gaju. Nimechoka kukataa."

Viateur aliegemeza pikipiki ukutani, na maneno yote aliyoyapanga akayaacha hapo.

"Mutamba amepotea, Mama. Ameenda kwa Ladislas."

"Mimi sikuombaka mutamba. Nilikuombea weye. Kesho utanipeleka Kirotshe, nione dada yangu Euphrasie."

Viateur alitoka mbio hadi dukani. Mama Kanyere alikuwa tayari anavuta kiti.

"Nipe ya chuma," Viateur akasema, akazichukua bila kunusa.

"Uko mugonjwa?" Mama Kanyere akamuuliza.

Alizifunga jioni ile ile, akateremka nazo na kupanda hadi zikazoea. Asubuhi mama yake alitoka amevaa kitenge cha misa, kibuyu cha samli mkononi, kidole kimeshalowa, akaelekea moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele.

"Mama," Viateur akamwahi, "leo upake taa. Taa njo inaonaka njia."

Daphrose akafikiri, akaona ni kweli. Akaipaka bila uchoyo, na tangu siku hiyo taa ile haikuwahi kuangaza sawasawa. Kisha akapanda, akamshika mwanawe kiunoni, wakateremka.

Karibu na daraja Ladislas alikuwa akivusha mtamba wake barabarani. Viateur akabana breki, pikipiki ikasimama bila kuyumba. Daphrose alimtazama yule mtamba mwekundu hadi akapita.

"Iko ng'ombe muzuri," akasema. Kisha akampigapiga mwanawe mgongoni. "Umeona vile samuli yangu inasimamisha pikipiki?"

Viateur alikuwa na furaha kuliko kama angeshinda.

"Inasimamisha, Mama," akasema, akaendelea polepole kuelekea Kirotshe.