Mashine Ilivyolia kwenye Mchanga wa Nyangwe

Juzi mchana nilikuwa Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, nikingojea mtumbwi wa kuvuka, nikamwona mama mmoja amepiga magoti akichambua mchanga kwa vidole. Pete yake ya ndoa ilikuwa imeponyoka akifua nguo. Mume alikwisha kufa; kwake ilibaki pete tu.

Mchimba zahabu mmoja wa Lusangi, aliyekuwa na mashine yake ya kutafutia madini, akamhurumia.

"Mama, nitajaribu. Lakini hii mashine haichagui. Inalia kwa kila kitu ya chuma."

Akaipitisha polepole juu ya mchanga, ikalia. Sisi tuliokuwa tukingojea mtumbwi tukachimba pamoja naye mpaka mikono ikazama hadi viwikoni. Mama akatoa pete kweli, lakini ya chuma, nzito, pana kiasi cha kuingia mkono wa mutu. Alipoivuta ikaja na mnyororo, na mwisho wa mnyororo ilikuwako pete ya pili, ndogo, ya mkono wa mutoto.

Ilikuwa minyororo ya watumwa; zamani hapa Nyangwe palikuwa soko la kuuzia watu. Mchimbaji akasogea pembeni, mashine ikalia. Akasogea tena, ikalia. Akaizima.

"Turudishe, baba," mama akasema kwa sauti ya chini. "Na yangu ilale nao."

Tukafukia kwa mikono, Waislamu wa mjini na watu wa mashambani pamoja. Huku kwetu tunajuana: babu za wengine walifungwa, babu za wengine walishika ufunguo. Siku ile hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.