Mate ya Shangazi na Uskoti Wetu

Mwaka 2016 nilifungua kifurushi cha mtu, na sioni aibu kusema nilikifungua kwa furaha. Kililetwa saluni kwetu Malvern, Johannesburg, kwenye barabara ya Jules, kimeandikwa jina langu la ukoo kwa herufi kubwa. Nikasema leo na mimi nimekumbukwa. Nikamwacha mteja na rasta nusu kichwa, nikakata utepe wa gundi kwa mkasi. Ndani mlikuwa na plagi nne za gari.

Haikupita nusu saa akaingia fundi wa gereji ya ng'ambo ya barabara, mikono imejaa grisi, anaulizia plagi zake. Nikamwambia hizi zina jina langu. Akasema zina jina lake. Mimi hasira zikinipanda sisikii la mtu; nikatoa pasipoti nikaibwaga mezani. Naye akatoa kitambulisho chake. Jina la ukoo lilikuwa lile lile, herufi kwa herufi. Ni jina la Kiskoti na sitalitaja hapa, maana wenyewe huko Uskoti hawajanikosea kitu.

Kwetu ni Kyela, kusini magharibi mwa Tanzania, kando ya ziwa, ambako wamisionari wa Kiskoti walipitapita zamani. Ukizunguka pande zile utakuta watu weusi tii wana majina ya wazee wanaovaa sketi za miraba. Yeye ni mzaliwa wa Johannesburg, damu yake imechanganyika ya watu wa kila aina, na babu wa babu yake alitoka Uskoti kuja kutafuta dhahabu. Hayo alinieleza siku ile ile, huku mteja wangu akiuliza kama kichwa chake kitamalizwa leo au kesho.

Basi tukapendana. Alipotaka kunioa alisema tuna bahati, kwa sababu sitabadilisha jina kwenye karatasi hata moja. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa sijamfikiria shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, shangazi akanichukua, akanilea, akaja nami Johannesburg, tukapanga chumba cha uani kwa watu. Bila baraka yake nisingeolewa. Hakuna sheria iliyonizuia, ila moyo wangu usingekubali, na yeye alilijua hilo vizuri sana.

Mchumba alikuja Jumapili na keki. Watanzania wa gerejini walikuwa wamemfundisha salamu wiki nzima, na alipofika mlangoni akainama kwa adabu zote akamwambia shangazi, "Marahaba!" Shangazi akanitazama. Nikatazama keki.

Hilo alisamehewa. Lililomponza ni pale alipotaja jina lake la ukoo. Shangazi akaweka kikombe chini. "Jina moja, ukoo mmoja," akasema. "Huyu ni kaka yako. Mwambie anywe chai yake aende kwao."

Mnielewe. Kwetu mtu haoi ndani ya ukoo wake, na hilo silibishii. Tatizo ni kwamba shangazi aliamini sisi ni Waskoti wa damu kabisa. Alikuwa amehadithiwa tangu utotoni kwamba babu yake alizaliwa na daktari wa misheni, na ushahidi alikuwa nao tele. Anapenda uji wa shayiri. Jua likimpiga anaumwa kichwa. Mdogo wake, yaani baba yangu, alizaliwa na nywele zina wekundu. Tena kila baridi ya Julai alikuwa akitoka bila sweta, anasema damu ya Uskoti haisikii baridi, halafu anakohoa mpaka Agosti.

"Shangazi," nikamwambia, "tukiwa si Waskoti, naolewa?"

"Utaolewa."

"Na tukiwa Waskoti?"

"Basi huyo ni ndugu yako."

"Sasa wewe unataka tuwe nini?"

"Nataka tuwe Waskoti," akasema, "na wewe uolewe na mtu mwingine."

Nililia usiku ule, nasema kweli. Asubuhi niliamka na hasira, na mimi hasira hunisaidia kazi. Nikaandika barua pepe kwa watunza kumbukumbu za misheni huko Uskoti, nikaomba watutafutie jina la babu wa baba kwenye daftari la ubatizo. Mchumba naye akaagiza vipimo viwili vya DNA, vile vya kutemea mate kwenye kichupa. Nikadhani nitapima mimi na yeye. Wapi! Shangazi akasema mate yangu hayafai, yamechanganyika na ya upande wa mama. Damu safi ya ukoo anayo yeye. Nikajaribu kumweleza kwamba na yeye alikuwa na mama. Akasema nisimtukanie mama yake.

Siku ya kupima, maelezo yalisema mtu asile wala asinywe kitu kwa nusu saa. Shangazi akaifanya ni mfungo, hakutia kitu kinywani tangu jana yake, na kinywa kikamkauka kama unga. Tukakaa pale, kichupa mkononi, mate hayaji. Mchumba akajitolea kumtia moyo, akasogea karibu, akasema kwa Kiswahili chake cha gereji, "Sukuma, Auntie, sukuma!"

"Mtoe huyu," shangazi akafoka. "Mnataka niteme mate mbele ya mkwe?"

Nikamdaka hapo hapo. "Umemwita mkwe!"

"Sijamwita."

"Umemwita, Mungu anakusikia."

"Nina njaa," akasema, "mwenye njaa hahesabiwi maneno."

Mchumba ikabidi aende uani akasimame ameupa mlango mgongo, mikono nyuma, mwenye nyumba akimshangaa. Nikamsimulia shangazi habari za maembe mabichi na pilipili na chumvi mpaka kichupa kikajaa, kikapita na mstari. Akakiombea kabla sijakifunga.

Majibu yalikuja baada ya wiki nyingi, kwenye simu, na ramani. Ya mchumba ilikuwa na rangi mahali pengi, na Uskoti ilikuwa imekolea. Ya shangazi ilikuwa na rangi Afrika peke yake, kuanzia ziwani kwetu kwenda kusini na magharibi. Ulaya yote ilikuwa nyeupe.

"Kuza," akasema shangazi.

Nikakuza ramani kwa vidole viwili.

"Kuza zaidi. Pengine ni kadogo."

Nikakuza mpaka tukaona vijiji vya Uskoti kimoja kimoja, na bahari yake, hakuna hata nukta. Akauliza kama simu yangu ina data ya kutosha. Nikasema inayo. Nilitakiwa kuruka kwa furaha, maana harusi yangu ilikuwa imepona, lakini uso wa shangazi ulinichoma moyo. Akasimama, akavaa sweta. Ilikuwa Oktoba, joto tupu.

Siku tatu hakula uji wa shayiri. Sikuthubutu kumuuliza habari ya baraka.

Siku ya nne ikaja barua pepe kutoka Uskoti, na picha ya ukurasa wa daftari la ubatizo. Siku ile moja walibatizwa wanaume saba, na wote saba walipewa jina la ukoo la mmisionari mmoja, mstari kwa mstari. Saba! Ukoo wetu mtukufu ulianza kwa foleni. Babu wa baba alikuwa wa tatu. Baba yake ameandikwa, ni mkulima wa pale pale kijijini, daktari hayumo. Kazi ya babu: mpishi. Na pembeni kabisa mmisionari alikuwa ameandika maoni yake kwa mwandiko mdogo, kwamba huyu anaoka mkate vizuri sana lakini ni mkali, na hakubali kukosolewa.

Nilimsomea shangazi nikiwa nimekaa mbali kidogo, kwa usalama.

"Rudia hapo mwisho," akasema.

Nikarudia. Mkali. Hakubali kukosolewa.

"Alikosea wapi sasa?" akang'aka. "Mkate si umeambiwa ni mzuri? Anamkosoa kwa lipi?" Alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anamgombeza mmisionari aliyekufa zamani sana. Nami nikajikuta nimesimama pia, nimekasirika vile vile, mikono kiunoni. Tukatazamana. Shangazi akaanza kucheka mpaka machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kucheka. "Baba yako alikuwa hivi hivi," akasema. "Hivi hivi kabisa. Mwite huyo kijana. Mwambie aje na Biblia yao."

Kwa kina mchumba wana Biblia kubwa ya zamani, ambayo kurasa za mbele zina majina ya ukoo wao tangu yule wa dhahabu. Jumapili akaja nayo imefungwa taulo. Akainama, akasema shikamoo bila kukosea. Shangazi akaitikia, akavaa miwani, akaomba kalamu. Akatuombea baraka, mkono mmoja kwangu mmoja kwake, halafu akafungua ukurasa wa majina.

Akaandika jina langu ubavuni mwa la mchumba. Juu yangu akaandika jina la baba, na hapo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Juu yake babu, na juu kabisa babu wa baba, kando ya yule Mskoti wa dhahabu, sawa kwa sawa. Kisha pembeni ya jina lile la juu akaongeza maneno mawili, kwa Kiswahili: mpishi, mkali.

Mchumba akainama kusoma. "Mpishi najua," akasema. "Mkali ni nini, Auntie?"

Shangazi akafunga kalamu, akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Subiri," akamwambia, "utaoneshwa."