Msusi wa Kikuyu aliyeikatalia mashine ya ubongo

Saa moja na robo asubuhi, vumbi la Kikuyu, mtaa wa mjini Dodoma, halijaanza kupaa, na vidole vya Stara Shaaban vimekwishazama kwenye nywele za mtu. Anafumua. Anavuta uzi mweusi, anauviringa, anautia mfukoni mwa koti lake la kijani, kisha anarudi kichwani.

"Hapa panauma?" anamuuliza mgonjwa, mwanamke wa makamo aliyetoka Kolo.

"Hapana, dada."

"Na hapa?"

"Hapo kidogo."

"Basi hapo tutapasubiri. Hatuna haraka."

Nyuma yao, juu ya meza iliyopoteza gurudumu moja, imekaa mashine yenye kalamu kumi na sita. Kila kalamu inaongozwa na nyaya, na nyaya hizo zinaishia kwenye vibati vidogo kama vifungo vya shati. Vibati vikibandikwa kichwani, kalamu huchora kwenye karatasi mawimbi ya umeme mdogo mno unaotoka kwenye ubongo. Mashine haiingizi kitu kichwani mwa mtu. Inasikiliza tu.

Kliniki hii ndogo ya misheni ilipewa mashine hiyo mwaka 1997. Daktari Seth, anayeongoza utafiti, anaitafutia jibu la swali moja: mgonjwa wa sonona akianza vidonge, vitamsaidia au havitamsaidia?

Vidonge vya sonona havina haraka. Mgonjwa humeza wiki nne, tano, hata sita kabla hajaona nafuu, na wapo wasioiona kabisa. Daktari Seth anapima ubongo kabla ya kidonge cha kwanza, kisha anaupima tena baada ya siku saba. Anaamini mawimbi hubadilika mapema, kabla mgonjwa mwenyewe hajajua kwamba anapona. Anasema anaamini. Hasemi anajua, kwa sababu utafiti haujaisha.

"Wiki sita kwa mtu wa ofisini ni wiki sita," anasema. "Kwa mkulima wa huku ni msimu mzima. Mvua haimsubiri mtu apone."

Ili mashine isikie vizuri, kibati lazima kiguse ngozi, na kiiguse mahali penyewe. Hapo ndipo anapoingia Stara, ambaye katika vitabu vya kliniki ameandikwa mhudumu wa usafi.

Ana miaka 46. Alizaliwa mjini Dodoma, katika ukoo wa wafanyabiashara waliofika na misafara ya zamani wakaota mizizi. Aliishia darasa la saba. Kwa miaka kumi na tisa alisuka nywele kwenye baraza karibu na soko, na biashara zilipofunguliwa, rasta za dukani zikaingia mjini kwa marobota, alisuka mpaka vidole vikavimba.

Kisha zikaja saluni zenye vioo vya ukutani na mashine za kukaushia. Wateja wakahamia huko. "Nilikuwa nakaa kutwa napata vichwa viwili," anasema, "na kimoja ni cha ndugu." Mwaka 1996 akachukua ufagio wa kliniki, ambao leo unamlipa shilingi elfu thelathini na nane kwa mwezi.

Mashine ilipofika, fundi aliyeileta hakuweza kuipata ngozi ya mgonjwa wa kwanza chini ya misuko. Akaomba wembe. Stara alikuwa anapiga deki.

"Nilimwambia, baba, weka wembe chini. Huyu ana mume, ana wifi, ana majirani. Nipe dakika kumi."

Tangu siku hiyo vichwa ni vyake. Fundi alimfundisha kupima kwa futi ya fundi cherehani, kutoka kati ya macho hadi kwenye kinundu cha kisogoni, na kugawa mafungu. Alielewa siku hiyo hiyo. "Kugawa kichwa ndiyo kazi ya msusi," anasema. "Ukikosea njia ya kwanza, zote zinapinda."

Novemba mwaka jana aliletwa Emiliana, miaka 27, kutoka Bahi. Tangu mavuno alikuwa amenyamaza. Hakupika, hakulima, na mwanawe mdogo alipolia alimtazama kama mtoto wa jirani. Aliletwa na mama yake mzazi, Raheli, mjane mwenye mashamba mawili na mikono miwili.

Kipimo cha kwanza kilikwenda vizuri. Nywele za Emiliana zilikuwa hazijaguswa miezi mitatu, zimesimama huru kichwani, na karatasi ilitoka safi. Akapewa vidonge.

Siku saba baadaye alirudi amesukwa. Raheli alikuwa amekaa naye jioni nzima, akamsuka twende kilioni, mistari myembamba kutoka kwenye paji hadi kisogoni, imekazwa mpaka nyusi zimepanda. Ndivyo wanavyofanya watu wa huku. Mgonjwa hapelekwi mbele ya daktari kichwa kikiwa chaka. Anasukwa usiku wa kuamkia safari ili aonekane ana kwao.

Stara alibandika vibati kwenye vichochoro vya misuko ile. Alikisikia kichwa chini ya vidole vyake. "Kilikuwa kimekaza kama ngoma," anasema. "Nikanyamaza. Nikajiambia, wewe Stara ni wa kufagia."

Karatasi ikatoka imejaa vijino, kalamu zimetetemeka kutoka mwanzo hadi mwisho. Daktari Seth aliipima kwa rula, akalinganisha na ile ya kwanza, akaandika kwamba dawa haielekei kumsaidia. Aliagiza Emiliana aache vidonge, apelekwe Dar es Salaam akajaribiwe matibabu mengine.

Wiki tatu kabla ya kupanda. Nani angempeleka? Raheli. Na uwele nani angeupanda? Hakuna. Mama huyo alikaa kwenye benchi la nje, akauliza watu wawili nauli ya Dar es Salaam, kisha akaacha kuuliza.

Stara alimwona kupitia dirishani. Akaweka ndoo chini, akaingia kwa daktari bila kubisha hodi. Akamwambia karatasi ile si ya ubongo, ni ya msuko.

Daktari Seth anakiri kwamba alicheka. Alimwita kwa jina la mwanawe, akamuuliza, "Mama Lulu, siku hizi unasoma ubongo kwa kitana?"

"Sisomi ubongo, daktari," alijibu. "Nasoma kichwa. Huo ubongo wako unaousoma umeuweka wapi?"

Alimweleza jambo ambalo kila msusi analijua na hakuna kitabu cha mashine kilichoandika. Msuko mpya huvuta. Ngozi ikivutwa, nyama za paji na za panda za uso hukaza ili kuizuia, siku nzima, hata mgonjwa akilala. Nyama iliyokaza ina umeme wake, tena mkubwa kuliko wa ubongo. Kwamba nyama hupiga kelele kwenye karatasi, daktari alikuwa anajua. Kwamba uzi wa kusukia unaweza kuiamsha, hakuwahi kufikiri. Akampa siku moja.

Kazi ikabaki kwa Raheli, na hiyo ilikuwa ngumu zaidi.

"Nimemsuka kwa mkono wangu," Raheli alisema. "Mnataka arudi kuonekana kichaa?"

Stara hakubishana naye. Alimsalimia upya, shikamoo mama, akapiga goti kando ya benchi, akaomba ruhusa ya kugusa nywele zake. Akashika vishungi viwili juu ya sikio, akavivuta taratibu, akamwambia aguse paji lake mwenyewe.

"Unaisikia nyama inavyokaza?"

"Naisikia."

"Mashine nayo inaisikia hiyo hiyo, mama. Haimsikii mwanao."

Raheli alimgeukia Emiliana. Kisha akaanza kufumua yeye mwenyewe, mstari wa kwanza, na Stara akafumua upande wa pili.

Walilala kwa ndugu hapo hapo Kikuyu ili kichwa kipumzike. Asubuhi kipimo kikarudiwa. Karatasi ilikuwa safi, na mawimbi yalikuwa yamegeuka kuelekea kule kule daktari alikokuwa akikutafuta. Alifuta alichoandika. Emiliana akarudi Bahi na vidonge vyake.

Alipanda Raheli peke yake msimu huu, nusu shamba. Lakini katika wiki ya tano, anasimulia, aliepua mlenda, na kabla hajakaa, Emiliana alionja, akasukuma bakuli, akauliza nani katika nyumba hii amesahau chumvi. "Nilimwacha anigombeze," anasema Raheli. "Nikamwambia endelea, mwanangu, na ugali je?"

Wiki hiyo hiyo Daktari Seth na Stara walitoa kabatini karatasi zote za zamani. Kati ya kumi na moja zilizoandikwa kwamba dawa haielekei kusaidia, saba zilikuwa za wanawake waliokuja na misuko mipya. Wanaume, vichwa vipara, walikuwa wanapita. Mwanamke wa Bahi alikuwa anahukumiwa ubongo kwa kosa la uzi. Wote saba wameitwa warudi, na watano wamekwishapimwa upya.

Kliniki ilibandika tangazo la kukataza kusuka siku tatu kabla ya kipimo. Wanawake walilipuuza, na walikuwa na haki. Nani apande basi kichwa wazi? Ndipo Stara akabuni msuko wake: njia tano pana, uzi haukazwi, na kila njia inapita juu ya mahali pa kibati. Wagonjwa wameupa jina wao wenyewe, wanauita twende tukapimwe.

Utafiti unamalizika Juni. Stara ameuchora msuko huo kwenye daftari, na daktari ameahidi mchoro utaingia kwenye taarifa ukiwa na jina lake. Yeye anataka zaidi. Anataka kwenda Bahi, Kolo na kokote wagonjwa wanakotoka, awakusanye wasusi, awafundishe. "Mashine wanaweza kuihamisha," anasema. "Njia nitakuwa nimeziacha vichwani mwa watu."

Jumanne hii Emiliana amerudi kwa kipimo cha mwezi wa tatu tangu aanze vidonge. Amesukwa njia tano na mama yake, kwa kukumbuka tu. Ya tatu imepinda.

"Naiona," Raheli anasema kabla hajaulizwa. "Ni macho yangu, si mkono."

Stara anapima kwa futi. Kibati kinaangukia mahali pake. Mashine inawashwa, kalamu zinaanza kutambaa, na mgonjwa anaambiwa afumbe macho, asiseme, asitikisike. Raheli anainamia karatasi, ananong'ona kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni:

"Sasa inamsikia?"

"Inamsikia, mama."

"Basi iulize kama na leo amekuja na chumvi yake."

Emiliana anajizuia. Mabega yanamshinda. Kalamu zote kumi na sita zinaruka, zinachora vilima vya ajabu, sentimita thelathini za karatasi zimeharibika. Utaratibu ni kuandika pembeni kilichotokea, ili daktari asidhani ni ugonjwa.

Stara anachukua penseli, anaandika neno moja: amecheka.