Karatasi Kumi na Mbili za Sesilia

Hakuna aliyemfukuza Sesilia saluni. Aliacha mwenyewe, kwa sababu Laurette, jirani yake ugenini hapo mtaa wa South Beach, alijifungua na likizo yake ya uzazi kutoka kazini bandarini ikaisha. "Dada, nishikie mtoto mpaka nisimame," alimwomba. Wote wawili walitoka Uvira, na kwao mtoto wa mwenzako halelewi kwa mshahara. Sesilia alipokea sabuni, unga, siku nyingine kitenge. Miaka miwili ikapita hivyo. Mtoto huyo, Prodige, alijifunza kutembea akishika ukingo wa kitanda cha Sesilia.

Mwezi wa saba Laurette alileta karatasi kumi na mbili.

"Tia sahihi tu, dada. Ni za kazini. Wanataka kujua mtoto anabaki kwa nani."

Sesilia alikuwa amempakata mtoto, anamfuta maji ya kuoga. Akatia sahihi zote juu ya goti, bila kusoma.

Jumamosi moja Laurette aliingia akicheka kwa hasira.

"Eish! Ndugu yangu wa Canada kaniponza. Kule ukilipia malezi ya mtoto wanakupunguzia kodi. Nikadhani hata hapa iko. Wamekataa!"

Akatupa mezani barua ya ofisi ya kodi pamoja na zile karatasi. Sesilia akazisoma polepole. Kila moja ilisema: mimi, Sesilia, mlezi wa kuajiriwa, nimepokea rand elfu mbili kwa mwezi huu.

"Nilipokea lini?"

"Si ni karatasi tu, dada? Hata hawakunipa kitu."

"Na wangekupa, ungeniambia?"

Laurette akatazama simu yake.

"Niliacha kiti changu saluni, Laurette. Sikukudai hata siku moja. Leo serikali inajua ulinilipa."

"Basi nitakulipa! Unataka ngapi?"

Hapo ndipo Sesilia alipoinuka. Akakunja nguo za mtoto, moja moja, akazitia kwenye mfuko wa kubebea.

"Jumatatu mpeleke kreshi, kule wanakotunza watoto kwa malipo. Analala kifudifudi. Akishtuka usingizini usiwashe taa, mshike mgongo tu, atatulia."

"Dada, usifanye hivi."

"Akiuliza niko wapi, mwambie mfanyakazi ameacha kazi."

Prodige, aliyedhani wanakwenda ufukweni, alikuwa amekwisha kuvaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto. Sesilia akapiga magoti, akamvua, akamvalisha upya, taratibu.