Nilimuua Mwenyekiti kwa Mdomo Ili Lori Lipewe Muda

Wahariri, mkichapa barua hii ficheni jina langu na la kijiji. Semeni tu upande wa Choma, huko Igunga. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, mzaliwa wa Isevya, Tabora mjini, sijaoa. Ufundi wa magari sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua na kufunga, pamoja na kitabu kimoja cha injini ambacho mchwa walishakula nusu. Leo mimi ndiye dereva na fundi wa lori la kijiji chetu cha ujamaa. Lori lenyewe ni hilo moja tu, na usingizi sipati.

Jambo lilianza na moshi. Lori letu lilikuwa likipita Igunga watu wanafunga madirisha, watoto wanakimbia nyuma wakiiga mlio wa treni. Mwezi uliopita mkaguzi wa magari akanisimamisha Tabora. Akashika kitambaa cheupe mdomoni mwa bomba, akaniambia, "Vuta moto." Nikakanyaga mafuta. Kitambaa kikatoka kama tako la sufuria. Akanipa siku saba nirudi kupimwa, moshi ukiwepo anang'oa namba.

Siku saba! Nozeli, zile pua za kupulizia dizeli kwenye injini ambazo zikichakaa ndipo moshi unapotoka, tumeagiza Dar, zinakuja kwa treni, lini hakuna ajuaye. Na pamba ya kijiji kizima imelundikwa uwanjani, haina paa, mawingu yameshaanza kukusanyika. Ikilowa hiyo, jasho la mwaka mzima limekwenda.

Siku ya sita nikaenda ofisini kwake kuomba muda. Katika kuongea nikajua ni Mzaramo. Moyo ukatulia, maana mimi Mnyamwezi, na wale ni watani wetu tangu babu zetu wanapeleka mizigo Pwani kwa miguu.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Kumbe ni wewe mwenye treni! Nyie Wanyamwezi mmezoea mzigo kichwani, gari nani kawapa?"

"Serikali, afande. Iliona nyie Wazaramo mkipewa mtalipeleka ngomani."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Lakini nilipotaja muda, uso ukabadilika. "Utani tumeuacha mlangoni. Hapa naandika sababu. Nozeli si sababu, kila anayekuja hapa analia nozeli. Una mgonjwa? Una msiba?"

Jamani, mdomo huu! "Msiba," nikasema. "Mwenyekiti wetu wa kijiji amefariki."

Akavua kofia. Akauliza kijiji gani, nikamtajia. Akaandika mwezi mmoja, akagonga muhuri. Nikatoka mbio, nikapiga mluzi mpaka Gongoni. Nilichosahau, mimi Mnyamwezi mzima, ni kwamba mtani akisikia msiba hangoji kualikwa.

Jumapili yake, saa nne asubuhi, basi likasimama, akashuka yeye. Kavaa gunia, kajipaka masizi usoni, analia kwa sauti ya kuamsha mji: "Yuko wapi mchoyo huyu? Mfukieni chini sana, asije akarudi kula ugali wa wajane!"

Mimi nilikuwa chini ya lori. Nikabaki hukohuko. Nikawa naona miguu tu. Miguu ya watu ikatoka majumbani, na miguu ya mwenyekiti, najua ndala zake, ikaja mpaka mbele yake.

"Karibu mtani. Kafa nani?"

"Mwenyekiti."

"Wa wapi?"

"Wa hapa."

"Wa hapa ndiye mimi."

Mke wa mwenyekiti akapiga yowe: "Yuuu! Nani katuletea uchuro huu?"

Yule afande akalitazama lori. Akainama. Tukatazamana. Angenitaja pale, sijui kama ningekuwa naandika barua hii. Akainuka, akasema, "Basi nimepotea kijiji. Kosa lenu, Wanyamwezi mnafanana wote." Watu wakavunjika mbavu, akapewa maji ya kunawa, akachinjiwa jogoo.

Jioni nikamsindikiza kungoja basi. Nilitegemea matusi. Hakunitukana, na hilo ndilo linaloniuma.

"Nilimwomba mkubwa wangu ruhusa, nikamwambia nimefiwa na mtani," alisema. "Na ile karatasi yako ina sahihi yangu. Wewe ni mtani, nivue hata nguo nitacheka. Lakini umenifanya niidanganye serikali. Sikushtaki. Utakwenda kwa mkubwa wangu, useme kwa mdomo wako huohuo. Muda wako ni ule wa karatasi."

"Na gari, afande?"

"Karatasi ikifutwa, gari linalala."

"Na pamba ya watu?"

Basi likafika, akapanda.

Ndugu wasomaji, nozeli mpaka leo hazijafika. Kwa karatasi ile ya uongo nimeshapeleka pamba Tabora safari tatu, na nusu ya lundo bado iko uwanjani. Nikienda kusema leo, lori linasimama na mvua inakula iliyobaki. Nikingoja nimalize, napo pana hatari. Dereva mwenzangu mmoja kaniambia yule mkubwa ameanza kuulizauliza: huyo mtani aliyekufa ni nani? Akigundua kabla sijasema, atakayevuliwa sare si mimi.

Na mwenyekiti hajui lolote. Juzi kaniletea debe la karanga. "Mpelekee yule mtani wetu," kasema. "Mwambie maiti inamsalimu." Akacheka peke yake njia nzima hadi kwake. Nimepita nje ya ofisi ile mara mbili na debe hilo likiwa kwenye kiti pembeni yangu. Mara zote mbili sikusimama.

Wanakijiji wamenipa pamba yao, na yule bwana amenipa kazi yake niishike mkononi. Nyie mngeshika usukani huu mngesimama, au mngepita? Nijibuni haraka, mawingu hayaningoji.